Mla Kaa na Saa ya Maji

Hotuba hii ilitolewa Unguja Ukuu mbele ya manahodha, waongozaji watalii, wakulima wa mwani na wanafunzi. Inawekwa hapa kamili kwa wale ambao hawakuwahi kufika. Picha zilizooneshwa ukutani hazimo.

Bismillahir-Rahmanir-Rahim. Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mheshimiwa Sheha, wazee wangu, mama zangu mlioacha kamba za mwani mkaja kukaa na mimi, manahodha, vijana wa kutembeza wageni, walimu, na nyinyi watoto wa skuli mliowahi mkeka wa mbele: ahsanteni sana. Najua wapo waliokuja kwa sababu walisikia kuna chai na mandazi. Chai ipo, nimeiona kwa macho yangu. Lakini inatoka mwisho.

Nimeombwa nizungumze juu ya ndege wa pwani. Jamani, ndege wa pwani ni wengi! Kuna vitwitwi wanaokimbia mbele ya wimbi na kurudi nalo. Kuna sululu mwenye mdomo mrefu uliopinda. Kuna wanaotoka Siberia, maelfu ya kilomita kutoka hapa, wakaja kudonoa tope letu kisha wakarudi kwao kutaga. Nikiwapitia wote, magharibi itatukuta hapa na isha itatukuta hapa. Kwa hivyo nimechagua mmoja tu.

Na huyu mmoja mnamjua. Mweupe pe, mgongo mweusi ti, miguu mirefu ya kijivu kinachoelekea buluu, na mdomo mweusi mnene, mkubwa kuliko kichwa kile kilivyostahili kupewa. Kutoka ncha ya mdomo hadi mkia ni kama sentimita 40. Uzito wake ni kama gramu 300. Husimama kwa makundi kwenye mafungu ya mchanga maji yakijaa, wote wameelekea upande unaotoka upepo, wengine mguu mmoja juu. Mnamuona kila siku mkipita na boti. Kila kijiji kina jina lake, na mimi nimeshashuhudia watu wazima, wenye wajukuu, wakigombana barazani juu ya jina la ndege. Leo nitamwita mla kaa, tuendelee na safari.

Sasa nawauliza: kati yenu ni nani amewahi kuona kiota cha mla kaa hapa Unguja? Au Pemba? Inueni mikono. Wazee? Hakuna. Mzee aliyevua miaka hamsini hajaona kiota chake. Hajaona yai lake. Kwa nini? Shikeni swali hilo, nitalirudia.

Kwanza tumjue ni nani. Wataalamu wa ndege humpanga kila ndege kwenye ukoo wake. Kunguru wana ukoo wao, na wenyewe ni wengi mno, sisi wa Zanzibar hatuhitaji kuelezwa hilo. Njiwa wana ukoo wao. Huyu mla kaa yuko peke yake. Ukoo mzima, ndege mmoja! Msweden mmoja, Gustaf von Paykull, ndiye aliyemwandika kitaalamu mwanzo, mwaka 1805, akamwita Dromas ardeola. Tangu hapo watu walibishana muda mrefu: huyu tumuweke wapi? Ukimtazama miguu unasema hivi, ukimtazama mdomo unasema vile. Mpaka vilipochunguzwa vinasaba ndipo ikaonekana kwamba jamaa zake wa karibu ni ndege wa kundi jingine kabisa, ambao wengi wao hukimbia nyikani au hukamata wadudu hewani. Jamaa wako huko bara wanafukuza panzi. Yeye ameshuka pwani, kaa na kaa.

Na kaa anawajua! Mtazameni siku moja kwa utulivu, maji yakiwa yametoka na tope linang'ara. Anasimama kimya. Hatikisiki. Kisha anakimbia hatua chache za haraka, anasimama tena ghafla, kichwa kinazama, na tayari kaa yumo mdomoni. Kama ni kaa mdogo anammeza mzima, na gamba lake, na kila kitu. Kama ni kaa wa kiasi, yule mwenye gando moja kubwa analolipunga mbele ya shimo lake, basi hapo kazi ipo. Anamshika mguu, anamtikisa, mguu unakatika, kaa anaanguka. Anamwokota tena, anashika mguu mwingine. Kata. Gando nalo, kata. Mwisho kaa amebaki kiwiliwili kitupu, kidude cha duara kisichoweza kumuuma mtu, ndipo anameza. Ukipita pale baada yake unakuta miguu ya kaa imetapakaa juu ya tope.

Hapa najua nahodha mmoja ananong'ona: "Kumbe ndiye anayemaliza kaa wetu!" Nimelisikia neno hilo zaidi ya mara moja, tulijibu. Kaa tunayemvua sisi, yule wa kwenye mikoko tunayemfunga kamba na kumpeleka hotelini, akikua anapita kilo moja. Kilo moja! Ndege mwenyewe ana gramu 300. Nani atamla nani hapo? Mla kaa anakula wale wadogo ambao mimi na wewe hatuwatii chunguni. Anayemaliza kaa wakubwa ana miguu miwili kama yeye, lakini hana mabawa.

Sasa turudi kwenye lile swali. Kiota kiko wapi?

Kiko mbali. Mla kaa hazai hapa. Anazaa kwenye pwani na visiwa vya mchanga huko kaskazini: Ghuba ya Uajemi, Irani, Kuwaiti, Umoja wa Falme za Kiarabu, Omani, upande wa Bahari ya Sham, Saudia na Eritrea, na Somalia pia. Wazee wangu, mmesikia majina hayo? Ni bandari zile zile ambazo babu zetu walizijua kwa majahazi. Huko, kuanzia Aprili hadi Agosti, wakati wa joto kali kabisa, wakati mwenye akili anatafuta kivuli, yeye ndio anaanza kutaga.

Na anatagaje? Anachimba shimo. Ndege wa pwani, mwenye miguu mirefu vile, anachimba! Anapiga handaki kwenye mchanga, mita moja, mara nyingine mbili na kupita, na mwisho wake kuna chumba. Humo anataga yai moja. Aghalabu moja tu, mara chache mawili. Yai kubwa kwa mwili wake, na jeupe. Ndege wengine wa jamii za pwani hutaga juu ya mchanga mtupu, kwa hivyo mayai yao yana madoa ili yasionekane. La huyu limo gizani, litajificha kwa nani? Hata kurea na keremkerem, ambao nao hutaga mashimoni, mayai yao ni meupe. Lakini katika ndege wote wa pwani wa aina yake, wote duniani, mla kaa ndiye pekee mwenye tabia hii ya kuchimba shimo na kutaga ndani.

Mnauliza: kwa nini ajitaabishe hivyo? Hapa nitawapa kisa cha Eritrea, kwa sababu mimi kilinistaajabisha. Watafiti wa Kitaliani, De Marchi, Chiozzi na Fasola, walikwenda kwenye visiwa vya Eritrea kupima joto la ndani ya yale mashimo. Juu ya mchanga jua linaunguza, yai likiachwa pale linaiva. Ndani ya shimo wakakuta joto ni kama digrii 35, mchana na usiku, halipandi wala halishuki ila kidogo mno. Sasa digrii 35 ni joto gani? Ndilo joto ambalo ndege mwingine analitafuta kwa kukalia mayai wiki kadhaa, njaa yake, kiu yake. Huyu mchanga unamfanyia kazi. Mama zangu mnajua kuvundika ndizi: unachimba, unafukia, unakwenda zako, joto linaivisha. Basi ndivyo. Walipohesabu, wakakuta wazazi wanaliacha yai peke yake muda mwingi kuliko wanaolikalia, na mara nyingine kwa zaidi ya siku mbili mfululizo. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2008.

Wako wapi hizo siku mbili? Wamekwenda kula kaa! Pwani nzuri yenye kaa huenda iko mbali na kisiwa kizuri cha kuchimba, na ndege anayelazimika kukalia yai hawezi kwenda mbali. Mla kaa anaweza. Ndiyo maana anazaa kwenye joto, na ndiyo maana huku kwetu hatuoni kiota. Msimu ule kwetu ni masika, halafu kusi na kipupwe: mchanga umerowa, umepoa. Yai lake lingepoa humo likafa.

Tuendelee na huyu mtoto, maana huyu mtoto ndiye aliyenifanya nikubali kuja kusema leo.

Watoto wa ndege wengi wa pwani wakitoka ndani ya yai, siku ile ile wanatembea na wanajitafutia. Mtoto wa kitwitwi hajui kulishwa mdomoni ni nini. Mtoto wa mla kaa anabaki shimoni, wiki baada ya wiki, baba na mama wanaleta kaa. Anatoka akiwa mkubwa, anajifunza kuruka, na baada ya hapo safari. Kutoka Ghuba, kutoka Bahari ya Sham, kufuata pwani ya Somalia, Kenya, mpaka kwetu, na wengine wanapitiliza hadi Madagaska. Majahazi ya zamani yalingoja kaskazi ivume ndipo yashuke. Mla kaa hangoji. Kuanzia Agosti na Septemba, kusi bado ingalipo, unaanza kuwaona funguni. Wanakaa mpaka Machi, Aprili, kisha wanarudi. Wale ambao hawajafikia umri wa kuzaa wengine hawaendi, wanakaa hapa hapa msimu mzima. Na si wote wanaoshuka: maelfu hubakia Omani, kwenye pwani ya Barr al Hikman, huko nako kuna kaa tele.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu anakaa miezi saba, na jembe amekuja nalo mwenyewe, limo usoni.

Sasa sikilizeni jambo hili. Mwaka fulani, mwezi wa Disemba, nilikuwa nimekaa ukingoni mwa mikoko si mbali na hapa, maji yamepwa, nawatazama kwa darubini. Walikuwa weupe na weusi kama kawaida, ila mmoja alikuwa na rangi ya kijivu mgongoni, na michirizi nyuma ya kichwa. Kinda wa mwaka ule. Kwa umbo ameshakuwa mtu mzima. Mabawa yamekamilika, amesafiri kilomita maelfu. Na alikuwa anamfuata mkubwa mmoja, hatua kwa hatua, ameinamisha shingo, anapiga mluzi. Mkubwa akienda kulia, naye kulia. Mkubwa akisimama, naye anasimama, mluzi. Mwisho yule mkubwa akakamata kaa, akamkata miguu, na badala ya kumeza, akageuka. Kinda akamchukua mdomoni mwake.

Disemba! Miezi baada ya kutoka shimoni, na maelfu ya kilomita katikati. Bado analishwa. Haya si mambo ya mla kaa mmoja mwenye huruma. Wataalamu wameyaandika: kinda anafuatana na mkubwa wake mpaka kwenye pwani za ugenini na anaendelea kuomba huko. Kukamata kaa bila ya kuumwa si kazi ya kujifunza kwa siku moja. Muulizeni mtoto yeyote wa Unguja Ukuu aliyewahi kubanwa kidole.

Kwa hivyo, ndugu zangu, mkiliona kundi limesimama funguni msione ndege tu. Humo mna wazazi na humo mna watoto. Yai moja kwa mwaka. Wao ni ndege wachache: makadirio yanayotumiwa na wataalamu ni kati ya elfu 60 na elfu 80 duniani kote. Sensa ya mwaka 2022 ilituhesabu sisi Wazanzibari zaidi ya milioni 1 na laki 8. Wao, dunia nzima, laki moja hawafiki.

Je, wanaangamia? La, sitawadanganya ili mnionee huruma. Hawajawekwa katika ndege walio hatarini kutoweka. Huko wanakozaa yapo matatizo, paka na panya walioletwa visiwani, na watu wanaookota mayai na makinda kula. Hayo ni ya wenyeji wa huko, nasi tuwaachie wayashughulikie. Mimi nimekuja kusema juu ya letu.

Letu ni nini? Mtu akisikia "hifadhi" anadhani ataambiwa asikate mikoko. Ni kweli, msikate, bila mikoko na matope yake kaa hakuna, na Ghuba ya Menai, bahari yetu hii, imekuwa eneo la hifadhi tangu mwaka 1997, mmeshahubiriwa hilo mpaka mmechoka. Sitalirudia. Chakula cha mla kaa hapa kipo. Kinachomkosesha raha ni kitu kingine, tena kitu kidogo, na kinatokea saa nne za asubuhi.

Niwaeleze. Mla kaa hapangi siku yake kwa jua. Anapanga kwa maji. Maji yakitoka, anakula, iwe mchana, iwe usiku. Ana macho makubwa na gizani anawinda vizuri tu. Maji yakirudi, tope limefunikwa, hana pa kula, anatafuta pa kusimama. Si ndege wa kukaa juu ya maji. Kutua mikokoni si kawaida yake. Anataka mchanga mkavu, wazi pande zote, aone anayekuja. Hapo anasinzia, anachambua manyoya, anasaga kaa wake. Kwa ndege anayejiandaa kurudi Ghuba, saa hizo za kusimama ni kazi: ndipo mafuta yanapojengeka mwilini. Nguvu anazoruka nazo bure zinatoka kwenye mafuta hayo hayo.

Mzee mmoja wa Kisiwa Panza, kule Pemba, aliwahi kuniambia kwamba alipokuwa kijana akivua pweza hakuwa na saa. Alitazama fungu. Ndege wakianza kuondoka wawili watatu, anachukua mkuki wake na kuteremka, maana wao wanajua mwamba wa kwanza umeshatokeza. Wakirudi, naye anarudi. "Sikuwahi kukamatwa na maji," alisema. Mzee yule na ndege wake walikuwa wanaishi kwa ratiba moja.

Sisi ratiba yetu ni ipi siku hizi? Boti inaondoka saa tatu au saa nne za asubuhi, baada ya mgeni kunywa chai hotelini, na inarudi saa tisa, saa kumi. Kila siku. Mwezi uwe mwandamo, uwe mpevu, uwe nusu, saa ile ile. Maji nayo yanasogea kila siku kwa dakika kama 50. Sasa manahodha, nyinyi ndio walimu wangu hapa, nisahihisheni nikikosea: siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu na maji yakijaa na kupwa sana, maji hupwa wakati gani kwetu?

(Ukumbi ulijibu: saa nne, saa tano!)

Saa nne, saa tano za asubuhi. Na kujaa ni mnamo saa kumi za jioni. Kwa hivyo siku za bamvua, boti inapofika funguni, mla kaa yuko wapi? Hayupo! Yuko mbali kwenye tope, anakata miguu ya kaa. Fungu lote ni lenu. Pikeni samaki, chezeni mpira, pigeni picha. Jioni maji yanapanda, tofauti ya bamvua kubwa hapa ni kama mita nne, fungu linamezwa, na nyinyi mko njiani kurudi. Hakuna aliyemkera mwenzake.

Sasa siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu. Maji yamejaa saa ngapi?

Saa nne! Saa tano! Saa ile ile boti zinapofika. Na kwa kuwa ni maji mafu, hayapandi sana, fungu halizami lote. Kinabaki kipande juu. Kipande kile ndicho wageni wanakitaka, na kipande kile ndipo mla kaa amesimama na mtoto wake. Tatizo zima ni hilo. Si la mwaka mzima na wala si la kila siku. Ni siku chache katika kila nusu ya mwezi, kwa muda wa saa tatu hivi asubuhi.

Nilikuwemo kwenye boti, siku moja ya namna hiyo, abiria tu. Kipande cha mchanga hakikuzidi urefu wa uwanja wa mpira. Ndege wetu walikuwa kwenye ncha ya kusini, kundi zuri, wamelala. Boti ya kwanza ikapanda pale pale waliposimama, kwa sababu mgeni alitaka picha ya ndege wakiruka. Wakaruka. Wakazunguka, wakatua ncha ya kaskazini. Hawajakunja mabawa sawasawa, boti ya pili ikaja kaskazini. Wakaruka. Wakarudi katikati. Kijana mmoja akatoa droni. Wakaruka. Mara ya nne hawakutua tena, walikwenda zao juu ya maji mpaka nikawapoteza. Wageni walipiga makofi! Hawakujua. Mgeni atajuaje? Anayejua ni nahodha na muongozaji, na siku ile hakuna aliyefungua mdomo. Hata picha yenyewe, nilioneshwa baadaye: doti nyeupe kwenye anga nyeupe.

Linganisheni na mama zetu wa mwani. Wanainama saa nzima kwenye kamba zao, wanatembea polepole, hawapigi kelele ila za mazungumzo, na mla kaa anawinda hatua chache pembeni yao bila ya wasiwasi. Tatizo si mtu. Ni mtu anayemwendea ndege moja kwa moja, kwa kasi, pale alipolala.

Basi ninachokiomba ni kidogo, na nimekifikiria kwa upande wa mfuko wenu pia. Siku za bamvua, sina neno. Siku za maji mafu, ncha moja ya fungu iachwe. Ncha ipi? Ile ambayo ndege wamesimama siku hiyo. Itazameni kabla hamjapunguza injini. Tieni nanga ncha ya pili. Mpigie mgeni mstari mchangani kwa mguu, mwambie mwisho wetu ni hapa. Na nawapa kipimo kisichohitaji mita: ndege waliolala wakiinua vichwa wote kwa pamoja, umeshakaribia kupita kiasi, rudi nyuma. Wakianza kutembea kuondoka kwako, umechelewa lakini bado hujaharibu, simama. Droni ibaki kwenye mkoba hadi maji yatoke.

Na muongozaji awe na darubini moja. Moja tu ndani ya boti. Wako wageni wanaolipa fedha nyingi kusafiri duniani kuwatafuta ndege wa aina hii, ndege aliye peke yake katika ukoo wake. Wewe unaye, amesimama hatua mia mbili kutoka unapochoma pweza, na hujamtaja hata jina! Mwambie mgeni habari ya shimo. Mwambie habari ya yai linaloivishwa na mchanga. Mwoneshe yule wa kijivu anayepiga mluzi nyuma ya mkubwa wake. Akiondoka hapo ataliongea hilo kuliko samaki wa kuchoma, na samaki wetu ni mzuri, sisemi vibaya.

Kuna mtu atasema: nikitia nanga ncha ya pili, boti nyingine itakuja ipande ncha ile, mimi nimepata nini? Swali la haki kabisa. Jibu lake sina mimi, mnalo nyinyi, na ndiyo maana nimeomba manahodha wote wakae pamoja leo, wa hapa na wa Fumba na wa Kizimkazi. Makubaliano ya mtu mmoja si makubaliano. Sheha amekubali kuandika.

Kwa hivyo sitaki maswali kwanza, nataka majibu. Kila nahodha asimame, ataje fungu analolitumia, na aseme siku za maji mafu ndege huwa wamekaa ncha gani. Watoto wa skuli, mmoja wenu achukue chaki aandike ubaoni. Nahodha wa mwanzo, karibu, kipaza sauti hicho hapo.